MKONGE WETU NA NDEGE ZA NG'AMBO: TUELEWE KWANZA, TUPANDE BAADAYE



Swali la toleo hili limetoka Malinya, kule Ikolomani. Kikundi kimoja cha akina mama kimeambiwa ya kwamba siku hizi ndege zinatengenezwa kwa mimea, na ya kwamba mwenye kupanda mkonge sasa atauzia viwanda vya ndege. Wameombwa watoe pesa za miche na pesa za kuandikishwa. Katika mkutano wako waliosema, "Basi tung'oe maharagwe, tupande." Na wako waliosema, "Huo ni uongo mtupu. Mkonge na ndege, wapi na wapi?"

Sisi tuliposikia tuliona kila upande una ukweli kidogo na kosa kidogo. Ni kweli mimea inajaribiwa katika ndege. Lakini kutoka hapo mpaka kung'oa maharagwe kuna safari ndefu. Pesa ya kikundi ni jasho la watu ishirini au thelathini, na msimu ukipotea haurudi. Kwa hivyo hebu tulieleze jambo hili polepole, tangu mwanzo.

UKUTA WA NYUMBA NI MWALIMU

Mama anapokandika nyumba yake, hatumii udongo mtupu. Anachanganya udongo na mavi ya ng'ombe. Kwa nini? Kila mtu anajua: udongo mtupu ukikauka unapasuka. Katika mavi ya ng'ombe kuna majani yaliyotafunwa, nyuzi ndogo ndogo nyingi. Zile nyuzi zinashika udongo usiachane. Na ndani ya ukuta kuna fito, ambazo nazo ni nyuzi kubwa.

Hata Waisraeli kule Misri walijua. Someni Kutoka sura ya 5. Farao alipotaka kuwatesa zaidi, aliamuru wasipewe tena nyasi za kufanyia matofali, wakajitafutie wenyewe, na hesabu ya matofali isipungue. Fundi wa wakati ule alijua tofali la udongo bila nyasi si tofali la kutegemea.

Sasa hii ndiyo siri yote. Kitu kimoja ni nyuzi: zina nguvu ya kuvutwa, lakini peke yake zinalegea kama kamba. Kitu cha pili ni kile kinachozishika: udongo, saruji au gundi. Hicho ni kigumu ukikibonyeza, lakini ukikivuta kinapasuka. Ukiviunganisha vizuri, kila kimoja kinafunika udhaifu wa mwenzake. Kitu cha namna hiyo wataalamu wanakiita kompoziti. Tangi la faibaglasi ni kompoziti: nyuzi za kioo ndani ya gundi. Na mwili wa ndege nyingi mpya vile vile ni kompoziti. Mama wa Malinya anayekandika ukuta na fundi wa kiwanda cha ndege wanafuata kanuni moja.

NDEGE ZILIANZA NA MITI NA NGUO

Watu wanafikiri mimea katika ndege ni jambo jipya. Kumbe ndiyo ya kwanza. Ndege ya ndugu wawili Wright wa Marekani, iliyoruka tarehe 17 Desemba 1903, ilikuwa ya mbao na kitambaa cha pamba.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliogopa alumini isiwatoshe. Wakaunda ndege ya vita iitwayo Mosquito, iliyoruka mara ya kwanza Novemba 1940. Mwili wake ulikuwa wa mbao nyembamba zilizobandikwa kwa gundi, na katikati mti mwepesi sana wa balsa kutoka Ekuado. Miaka hiyo hiyo mtaalamu Norman de Bruyne na kampuni yake ya Duxford walitengeneza kwa kujaribu mwili wa ndege ya Spitfire kwa nyuzi za kitani zilizoshikwa na gundi.

Tahadhari hapa: kitani si katani. Kitani ni mmea wa nchi za baridi, ndio unaofanya nguo zinazotajwa katika Biblia. Katani ni nyuzi za mkonge wetu huu, wenye majani ya miiba. Mtu akikwambia "kitani kinatumika," usisikie "katani."

Vita vilipokwisha, alumini ikashinda. Ilipatikana kwa wingi, haiozi, haiungui kama mbao, na kila bamba ni sawa na lingine.

KWA NINI TENA WANATAFUTA KITU KINGINE?

Sababu ni uzito. Ndege ni kama mtu anayepanda mlima na mzigo kichwani: kila kilo inakula nguvu. Kwa ndege, nguvu hiyo ni mafuta, tena kila safari, kwa miaka ishirini au zaidi.

Chukueni kopo la lita moja. Likijaa alumini tupu, uzito wake ungekuwa kama kilo 2.7. Likijaa kioo cha faibaglasi, kama kilo 2.5. Likijaa nyuzi za kaboni, kama kilo 1.8. Likijaa nyuzi za kitani au za mkonge, kama kilo 1.5.

Nyuzi za kaboni ni nyuzi nyeusi, nyembamba kuliko unywele, na nguvu yake ni ya ajabu. Kwa hizo ndizo wanatengeneza ndege kama Boeing 787, ile waiitayo Dreamliner. Karibu nusu ya uzito wa ndege hiyo ni kompoziti. Ethiopian Airlines walipata ya kwanza yao mwaka 2012, na Kenya Airways mwaka 2014.

Lakini kaboni ina mashaka mawili. La kwanza: nyingi inatoka katika mafuta ya petroli, na nyuzi zake huokwa katika joto la zaidi ya digrii 1000. Hiyo ni moto mwingi na gharama kubwa. La pili ni takataka. Gundi inayotumika ikishakauka haiyeyuki tena. Mafuta ya kupikia yaliyoganda, ukiyapasha moto yanayeyuka. Lakini chapati iliyoiva, hata uipashe namna gani, hairudi kuwa unga. Gundi ya ndege ni kama hiyo chapati. Vipande vinavyokatwa kiwandani, na ndege zenyewe zikizeeka, vitapelekwa wapi?

MOJA: KUTUMIA TENA KABONI YA ZAMANI

Njia ya kwanza mchoma makaa anaielewa. Yeye anafunika kuni kwa udongo ili hewa isiingie, na kuni zinaiva bila kuwa jivu. Wenye viwanda nao wanatia vipande vya kompoziti ndani ya tanuru isiyo na hewa ya kutosha, joto la kama digrii 500. Gundi inageuka moshi na kutoka, nyuzi zinabaki. Uingereza na kwingineko kazi hiyo inafanywa kibiashara.

Hata hivyo nyuzi hizo zinatoka fupi, zimevurugika kama sufu, na zimepungua nguvu kidogo. Bawa la ndege linataka nyuzi ndefu zilizolala sawasawa. Kwa hivyo zile za zamani zinafaa kwa vitu vingine, kama vipande vya magari au sehemu za ndege zisizobeba mzigo mkubwa.

MBILI: KURUDISHA MIMEA

Kati ya mwaka 2016 na 2019 watafiti wa Ulaya na wa China walifanya kazi pamoja katika mradi ulioitwa ECO-COMPASS, ukiongozwa na DLR, taasisi ya Ujerumani ya mambo ya anga. Walijaribu nyuzi za kitani, na za rami, ambao ni mmea wa Asia. Walijaribu nyuzi za kaboni zilizotumika tena, na kuzichanganya na za mimea. Walijaribu pia gundi ambayo sehemu yake inatoka katika utomvu wa misonobari badala ya petroli.

Sasa sikieni vizuri: walilenga sehemu gani ya ndege? Walilenga mapambo ya ndani, yaani kuta za pale abiria wanapokaa, na sehemu ndogo ndogo ambazo hazibebi ndege. Bawa halimo. Kaboni bado ina ugumu mara nyingi kuliko kitani, na kitani kina ugumu kuliko mkonge.

MIMEA INASHINDWA WAPI

Kuna mambo matatu, na yote matatu tunayajua nyumbani.

Maji. Nyuzi za mmea zinakunywa maji. Kamba ya mkonge inayomfunga fahali, ile tunayoiona uwanjani Malinya siku ya vita vya mafahali, ikinyeshewa inavimba na kukaza. Ikikauka inabadilika tena. Ndani ya kompoziti uvimbe huo unaachanisha nyuzi na gundi. Hata ile ndege ya Mosquito, mwaka 1944 kule India baadhi ziliachana viungo hewani. Wachunguzi walitaja kazi mbaya ya kubandika, na joto na unyevu vikatajwa pia. Na sisi wa Kakamega tunapata mvua ya karibu milimita 2000 kwa mwaka!

Moto. Nyasi zinaungua, hakuna wa kubisha. Sheria za ndege ni kali. Ubao wa ukuta wa ndani unashikiwa moto kwa sekunde 60. Moto ukiondolewa, ubao huo lazima uzime wenyewe ndani ya sekunde 15. Joto na moshi wake pia hupimwa. Nyuzi za mmea haziwezi kupita hapo bila kutiwa dawa ya kuzuia moto. Na dawa hiyo inaongeza uzito, ule ule uliokuwa unakimbiwa.

Kutolingana. Jani la chini si sawa na jani la juu. Mkonge wa msimu wa mvua si sawa na wa kiangazi. Mwenye kutengeneza ndege anataka gunia la leo liwe sawa kabisa na gunia la mwaka kesho, na liwe na karatasi ya kuthibitisha. Hapo ndipo mkulima mdogo anapoachwa nyuma.

MKONGE WA KENYA UNAKWENDA WAPI KWELI?

Mkonge si mmea wetu wa asili. Asili yake ni Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1000 kutoka Florida kwenda Tanganyika. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, na kutoka hiyo yakatokea mashamba makubwa ya Tanga. Leo Kenya, Tanzania na Brazili ni kati ya wakulima wakubwa wa mkonge duniani. Hapa Kenya mashamba makubwa yako Mwatate kule Taita, Vipingo kule Kilifi, na Mogotio kule Baringo.

Angalieni hayo majina. Ni nchi kavu, au yenye joto jingi. Mkonge unavumilia ukame, haupendi maji yaliyotuama. Shamba la Malinya linaloweza kutoa mahindi, maharagwe, ndizi na chai si la kupewa mkonge wote.

Tena jueni hesabu yake. Unangoja miaka miwili au mitatu kabla ya kukata mara ya kwanza. Ukikata kilo 100 za majani mabichi, unapata nyuzi kavu kama kilo 4 tu. Zilizobaki ni maji na makapi. Ndiyo sababu mashine ya kuchuna lazima iwe karibu na shamba. Hakuna atakayelipia lori la kubeba maji.

Na nyuzi hizo zinanunuliwa kwa kamba, mikeka, magunia, vyondo, na kuimarisha plasta. Viwanda vya magari vya Ulaya vimewahi kuzitumia katika mapambo ya ndani ya milango. Hiyo ni kweli na ni soko la heshima. Lakini gari si ndege.

TUSISAHAU MBONO

Wako wanaokumbuka. Miaka ya 2000 tuliambiwa mbono ndio dhahabu ya kijani. Ati unaota penye mawe, hauhitaji maji, na mafuta yake yatarusha ndege. Na kweli, tarehe 30 Desemba 2008 ndege ya Air New Zealand ilijaribiwa, injini yake moja ikitumia mafuta ambayo nusu yake yalitokana na mbono. Habari ikaenea. Wakulima wengi Kenya wakapanda.

Mwaka 2009 wataalamu, wakiwemo wa shirika letu la utafiti wa misitu, KEFRI, walikwenda kuangalia mashamba yenyewe. Walikuta mavuno madogo na gharama kubwa. Ushauri wao ulikuwa mkulima mdogo asiupande mbono kama zao la shamba. Unafaa kuwa ua tu.

Oneni basi: ndege iliruka kweli. Habari haikuwa ya uongo. Lakini kuruka kwa ndege hakukumletea mkulima wa Kenya pesa. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na anayeyaunganisha haraka mara nyingi ana kitu cha kuuza: miche.

KAZI YA KARIBU NA NYUMBANI

Hatutaki mkunje mikono. Kule Lamu, fundi wa majahazi Ali Skanda na wenzake walikusanya takataka za plastiki, kama tani 10, wakazigeuza mbao za plastiki na kuunda jahazi la mita 9. Walilifunika kwa vipande vya malapa yapatayo 30,000 yaliyookotwa ufukweni. Wakaliita Flipflopi. Liliingizwa majini Septemba 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri kutoka Lamu mpaka Zanzibar. Mwaka 2021 likafika Ziwa Victoria, jirani zetu. Hawakungoja kiwanda cha ng'ambo. Walichukua kile kilicholala mbele yao, na ufundi waliorithi kwa wazee.

Kikundi chenu nacho kinaweza kujaribu, bila kutoa hata shilingi. Fanyeni matofali matatu ya udongo kwa kifyatulio kimoja. La kwanza udongo mtupu. La pili tieni konzi moja ya nyuzi za mkonge zilizokatwa urefu wa kidole. La tatu tieni konzi tano. Yaanikeni kivulini wiki mbili. Kisha kila moja liwekeni juu ya mawe mawili kama daraja, mpange mawe juu yake katikati, mkihesabu. Mtaona la kwanza linakatika ghafula. La pili litapasuka lakini nyuzi zitalishika lisianguke. La tatu huenda likawa dhaifu, kwa sababu udongo hautoshi kuzishika nyuzi. Hilo ni somo lile lile la kiwanda cha ndege: si wingi wa nyuzi, ni kipimo.

Onyo moja kuhusu saruji. Miaka ya 1980 na 1990 vikundi vingi Kenya vilifundishwa kutengeneza vigae vya saruji na mkonge. Vilianza vizuri. Lakini saruji ina ukali kama wa chokaa, unaokula nyuzi taratibu. Baada ya miaka kadhaa nyuzi zimekwisha nguvu na kigae kinapasuka. Baadaye mafundi wengi wakahamia vigae vya saruji na mchanga bila nyuzi. Kwa hivyo katika udongo, tieni. Katika paa la saruji, msitegemee.

MASWALI YA KUMWULIZA MLETA HABARI

Kabla ya kutoa pesa, mwiteni mkutanoni mbele ya wanachama wote, mwulizeni kwa heshima:

1. Nani hasa atanunua? Tuonyeshe jina lake na mkataba wake, wenye sahihi.
2. Bei ya kilo ni ngapi, na nani anabeba gharama ya gari?
3. Mashine ya kuchuna iko wapi leo?
4. Je, kuna wakulima wa jirani waliokwisha kulipwa? Tupelekee wawili wao tuzungumze nao.
5. Kama soko ni la hakika, kwa nini sisi ndio tunalipa kwanza? Hamwezi kutupa miche mkate pesa yenu siku ya kununua?

Akijibu yote matano vizuri, mnaweza kuanza na mpaka wa shamba tu, mahali ambapo mkonge ni ua hata usipouzwa. Akikasirika, mmeshajibiwa.

Mithali 14:15 inatuonya juu ya mjinga anayesadiki kila neno, na inamsifu mwenye busara anayeangalia anakokwenda. Kuchunguza si kukosa imani. Kutunza pesa ya mjane aliyeweka shilingi zake katika kikundi ni utumishi.

YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

- Ni wakati gani tuliwahi kupanda kitu kwa sababu ya habari, na ilikuwaje?
- Tunazo nyuzi gani hapa kwetu (mkonge, migomba, nyasi), na tunazifanyia nini sasa?
- Takataka gani imelala mbele yetu ambayo tungeweza kuigeuza kuwa kitu?
- Katika katiba yetu, nani ana ruhusa ya kutoa pesa, na wanachama wangapi lazima wakubali?

Tutafurahi kusikia lile tofali la pili lilibeba mawe mangapi. Mtuandikie kupitia kanisa lenu. Mungu awabariki, na kazi ya mikono yenu aithibitishe.